Mkono wa Pili

Kuna watu duniani wanaobishana, kwa upole na kwa miaka mingi, juu ya idadi ya mikono inayofaa kushika fimbo ya kuvulia samaki. Mmoja au miwili? Kwetu Chamazi ubishi huu hauna kijiwe. Hapa tunabishana kuhusu Azam na Yanga, kuhusu nauli ya kutoka Rangi Tatu, kuhusu nani kaziba mfereji wa maji ya mvua. Ukitazama ramani, bahari iko jirani. Ukitazama maisha ya kila siku, iko mbali. Na mto wa kwenda kurushia chambo cha manyoya ya ndege hatuna.

Hata hivyo nimeufuatilia ubishi huo kwa muda. Mwanzoni nilikuwa kama mtu anayechungulia anasa za wengine kupitia uwazi wa mlango. Baadaye nikaona kwamba ndani yake kuna swali la maadili linalotuhusu hata sisi ambao hatujawahi kuishika fimbo hiyo. Mtu mwenye uwezo wa kutumia nguvu zake zote anapaswa kuzizuia wakati gani? Na akizizuia, anazizuia kwa faida ya nani?

Tuanze na zana zenyewe. Uvuvi huu hutumia chambo bandia, nyuzi na manyoya yaliyofungwa juu ya ndoano ili yafanane na nzi au mdudu wa majini. Chambo hicho ni chepesi mno, hakiwezi kwenda popote kwa uzito wake. Kinachorushwa ni mshipi, ambao hutengenezwa ukiwa mnene na mzito makusudi. Fimbo huupinda na kuutupa mbele, na chambo hufuata nyuma kama mkia wa kishada. Fimbo ya mkono mmoja kwa kawaida ina urefu wa futi 9 hivi, karibu mita 2.7. Ya mikono miwili mara nyingi huwa kati ya futi 12 na 15, na ina mahali pawili pa kushika.

Fimbo ndefu hurusha mbali, huutawala mshipi juu ya mto mpana, na kwa kuwa kazi imegawanywa, bega halichoki upesi. Mzee aliyeumia bega anaweza kuvua nayo siku nzima. Fimbo fupi hufika karibu zaidi, ila hutua kwa ulaini na usahihi, na wakati wa kurusha huacha mkono wa pili huru. Mkono huo haukai bure. Ndio unaoushika mshipi, unaouvuta na kuulegeza, unaopata habari samaki anapogusa. Kwa hiyo tofauti haiko kwenye idadi ya mikono inayofanya kazi, maana yote miwili inafanya kazi. Tofauti ni kwamba katika fimbo ndefu mikono yote miwili imetolewa kwa nguvu, na katika fimbo fupi mmoja unatupa huku mwingine unasikiliza.

Waswahili tunasema mkono mmoja haulei mwana. Methali hiyo husomwa kama wito wa kuongeza nguvu, kwamba tushirikiane, tuwe wengi. Lakini mtu aliyelea mtoto anajua kwamba mikono miwili ya mlezi haifanyi kazi moja. Mmoja unabeba, mwingine unapapasa kipaji cha uso kujua kama kuna homa.

Jibu la kwanza kwa swali la mkono mmoja au miwili hutolewa na mto. Mto Spey uko kaskazini mwa Scotland, ni mpana na wenye kasi, na sehemu nyingi za kingo zake zina miti na miinuko. Mrushaji wa kawaida hupeleka mshipi nyuma kabla ya kuutupa mbele, na pale nyuma hapana nafasi, kuna matawi tu. Katika karne ya 19 wavuvi wa huko walikuza namna nyingine ya kurusha. Mshipi huburutwa juu ya maji upande wa mvuvi, hufanya kitanzi, kisha husukumwa mbele bila kwenda nyuma yake. Fimbo ndefu za mikono miwili zilifaa sana kwa kazi hiyo, na mpaka leo mtupo huo unaitwa kwa jina la mto wenyewe.

Sasa njoo Kenya, kwenye mto Gura unaoporomoka kutoka milima ya Aberdare. Humo hakukuwa na trauti kwa asili. Mayai ya samaki hao yaliletwa kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan. Samaki walitoka Scotland, lakini fimbo ndefu ya Spey isingefaa kitu pale. Mto ni mwembamba, mawe ni mengi, msitu umeinama juu ya maji. Fimbo ya futi 15 ingekwama kwenye mianzi kabla haijamwona samaki. Hapo mkono mmoja na fimbo fupi vinatosha.

Kama mambo yangeishia hapo, tungesema mto ndio unaochagua na mtu hutii. Ila mito mingi inakubali fimbo zote mbili, na hapo ndipo watu wanapoanza kuzungumza lugha ya heshima. Mmoja atasema anapenda fimbo nyepesi kwa sababu inampa samaki nafasi ya haki. Mwingine atasema ukiwa na uwezo wa kumfikia samaki popote alipo, huvui tena, unakusanya. Hoja hii ina wazee wake. Aldo Leopold, mtaalamu wa misitu wa Marekani ambaye kitabu chake mashuhuri kilitoka mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kifo chake, alitetea wazo kwamba mwindaji anayejiwekea mipaka kwa hiari katika zana zake anajenga tabia njema. Aliona pia kwamba mwindaji porini hana watazamaji wa kumshangilia wala kumzomea. Kilichobaki ni dhamiri yake.

Ni wazo zuri, na kwa kijana aliyekulia mjini lina mvuto wa pekee. Maisha yetu yamejaa zana zinazotuambia kila siku: unaweza zaidi, fika mbali zaidi, chukua vyote. Mtu anayesema "naweza, lakini sitafanya" anatuvutia kama mtu huru. Ila nina mashaka mawili juu ya wazo hili, na shaka la kwanza linaanza na huyohuyo Grogan.

Machi 1907, miaka miwili baada ya mayai ya trauti kufika Gura, Grogan aliwachapa viboko hadharani vijana wa Kikuyu waliokuwa wakivuta riksho, mbele ya jengo la mahakama jijini Nairobi. Alihukumiwa kifungo kifupi. Sitaki kusema kwamba kupenda trauti ndiko kulikomfanya awe hivyo. Ninachosema ni kwamba mkono uliojali mayai ya samaki, yaliyosafirishwa kutoka bara jingine na kupandishwa mlimani yakiwa hai, haukuzuiwa na upole huo kushika kiboko. Adabu ya mchezo, ile ya kumpa mwenzio nafasi ya haki, ilikuwa na mpaka wa nani anahesabiwa kuwa mwenzio. Samaki alikuwamo ndani ya mpaka. Mvuta riksho hakuwamo. Kwa hiyo mtu akiniambia ana maadili kwa sababu amechagua zana ngumu, namuuliza kwanza orodha ya wale anaowahesabu.

Shaka la pili linatoka kwa samaki mwenyewe. Tunadhani fimbo nyepesi ni heshima kwake. Lakini fimbo ikiwa nyepesi kupita kiasi kwa samaki mkubwa, pambano linarefuka. Samaki anavuta, anachoka, anavuta tena. Misuli yake inajaa asidi, na kwenye maji ya uvuguvugu hewa anayoihitaji ili apone ni kidogo. Mvuvi anamtoa ndoano, anampiga picha, anamrudisha kwa upole, na samaki anazama akaenda kufia mahali ambapo kamera haipo. Kwa samaki huyo, fimbo yenye nguvu, ambayo ingemaliza kazi kwa dakika chache, ingekuwa ndiyo yenye huruma. Kule kujinyima kwa mvuvi kulikuwa zawadi kwa mvuvi. Samaki ndiye aliyelipa.

Jambo hili si la ughaibuni tu. Kwenye mito Mnyera na Ruhudji, inayoingia bonde la Kilombero na hatimaye Rufiji, wageni huja kutoka mbali kuvua kwa fimbo na chambo cha manyoya samaki mwenye meno kama misumari, ambaye wanasayansi walimpa jina la nchi yetu mwaka 1986: Hydrocynus tanzaniae. Wapo wanaozidi kilo 9. Hapo mshipi humalizikia kwa kipande cha waya, maana uzi wa kawaida hukatwa kwa meno hayo mara moja. Huchukuliwa fimbo za mkono mmoja, lakini zile nzito, na samaki hurudishwa majini. Samaki huyohuyo anaishi katika Ruvu, mto unaotoa sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam. Tunakunywa maji anamopita bila kujua kwamba kuna watu wanaovuka bahari kuja kumshika na kumwachia.

Je, kumshika na kumwachia ni sawa? Uswisi wamejibu kwa sheria: hairuhusiwi kuvua ukiwa na nia ya kumrudisha samaki, kwa sababu mateso yanayofanywa kwa burudani tu hayana sababu ya kutosha. Mwaka 2003 watafiti nchini Uingereza, wakiongozwa na Lynne Sneddon, walionyesha kwamba trauti ana mishipa ya fahamu inayopokea vitu vya kuumiza, na kwamba tabia yake hubadilika anapoumizwa. Kama kupokea huko ni maumivu kama tunavyoyajua sisi, wanasayansi bado wanabishana. Kwangu, ubishi huo unatosha kunifanya nipunguze dakika za pambano. Ukiwa na shaka kama unamuumiza kiumbe, shaka hiyo haiwezi kuwa ruhusa.

Kwa hiyo swali limebadilika. Tulianza kwa kuuliza zana ipi ni ngumu zaidi kwangu, tukidhani ugumu ndio wema. Sasa tunauliza gharama ya zana niliyochagua inamwangukia nani.

Lijaribu swali hilo hapa nyumbani. Jioni, pembeni ya barabara ya Chamazi, samaki wamepangwa juu ya meza, wamekaangwa, wamekolea rangi. Siku moja nilimuuliza muuzaji, "Mama, hawa wamevuliwa kwa mshipi au kwa wavu?" Akacheka. "Mwanangu, mimi nimewakuta kwenye ndoo Feri." Alikuwa anasema kweli. Kati ya mkono uliomvua samaki na mkono unaomla kuna ndoo nyingi, na kila ndoo inafuta sehemu ya habari.

Mmoja kati ya samaki wale huenda alivuliwa na mtu wa mshipi. Huyu hana fimbo kabisa. Amekaa ndani ya mtumbwi au ngalawa, uzi umepita juu ya kidole chake ukateremka hadi kwenye mwamba, na mkono wake wote ni sikio. Anajua mgusho wa changu na mgusho wa chewa. Anapata samaki mmoja, kisha mwingine. Akirudi na watano amerudi na watano, na waliobaki chini wamebaki.

Mwingine huenda alitoka kwa baruti. Machi na Aprili 2015 watafiti walipita mwambao wa Tanzania wakiwa na vinasa sauti vya chini ya maji, wakathibitisha milipuko 318, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka jiji hili. Sheria ilikuwa inakataza, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ilikwisha kurudia katazo hilo. Doria za miaka iliyofuata zimepunguza sana milipuko. Lakini tazama zana yenyewe. Ni ya mkono mmoja, unaotupa chupa na basi. Hakuna mkono wa kusikiliza. Samaki mkubwa na mdogo wanakufa pamoja, wengi wanazama bila kuokotwa, na tumbawe lililojengeka kwa miongo mingi linakuwa kifusi. Mtupaji naye hulipa wakati mwingine. Wapo kwenye mwambao wetu waliopoteza mkono pale chupa ilipowahi kulipuka. Ila sehemu kubwa ya deni inakwenda kwa yule wa mshipi, atakayefika kesho yake kwenye mwamba uleule na kuketi kutwa nzima uzi ukiwa kimya kidoleni.

Najua pingamizi litakalotolewa hapa, na ni zito. Kujizuia ni anasa. Mgeni anayelipa fedha nyingi ili avue samaki asiyemla anaweza kuchagua fimbo kwa falsafa. Baba mwenye watoto wanne Mbagala anachagua kwa njaa. Mkono mtupu haulambwi. Kumwambia huyu baba habari za Leopold ni kumtania.

Nakubali nusu ya pingamizi. Ni kweli kwamba huwezi kumsifu mtu kwa kujizuia asichokuwa nacho. Mtu aliyezaliwa na mkono mmoja haonyeshi unyenyekevu kwa kutumia fimbo ya mkono mmoja, na maskini asiye na injini ya boti hafuati maadili ya mazingira kwa kutumia kasia. Hiari inahitaji uwezo. Ni kweli pia kwamba katika historia ya Afrika Mashariki, kanuni za uungwana porini na mtoni mara nyingi ziliandikwa na wenye leseni dhidi ya wenye njaa.

Lakini nusu nyingine inaficha jambo. Mvuvi wa mshipi naye ni maskini. Naye ana watoto. Njaa haikuwapeleka wote wawili kwenye baruti. Mmoja alikwenda, mwingine hakwenda, na yule asiyekwenda ndiye anayelipa deni la mwenziwe. Tukisema maadili ni ya wenye uwezo peke yao, tunamfuta mtu huyu, na tunaudharau uamuzi anaoufanya kila asubuhi anapochukua uzi badala ya chupa. Yeye ana haki kuliko yeyote ya kuuliza gharama inamwangukia nani, kwa sababu yeye ndiye anayeletewa.

Sasa mtu aliye kwenye duka la fimbo, awe Inverness au Nairobi, amsaidieje rohoni mwake? Kama mto ni mpana, umejaa miti nyuma yake, na samaki ni mkubwa, achukue fimbo ya mikono miwili bila aibu. Haitamfanya mlafi. Itaacha matawi yalivyo, itamtunzia bega, na itamaliza pambano mapema. Kama kijito ni chembamba na samaki ni wadogo, fimbo ndefu itakuwa majivuno tu. Achukue ya mkono mmoja. Kama anaichukua ile nyepesi ili aonekane mtu wa haki, ajiulize kama samaki angekubali. Na kama hana haja ya kula wala ya kujifunza chochote, anaweza pia kuketi ukingoni akatazama maji, mikono yote miwili mapajani. Hilo nalo ni chaguo, ingawa hakuna duka linaloliuza.

Sisi wa Chamazi tunachagua zana nyingine. Mwenye spika kubwa anaweza kuuamsha mtaa mzima saa nane usiku. Mwenye lori anaweza kuchimba mchanga wa mtoni hadi nyumba ya jirani ianze kuelea hewani. Mwenye simu anaweza kurusha picha ya msiba wa mtu kabla mama mzazi hajapigiwa. Katika kila zana hizo kuna mkono unaotupa, na kwa kawaida huo haukosi mafunzo, maana zana yenyewe inaufundisha. Mkono wa pili hakuna zana inayoufundisha. Ni sisi tunaoamua kama utaongeza nguvu kwenye mtupo, au utabaki kwenye uzi, ukingoja kusikia kuna nani upande wa pili.